Maneno Tisa ya Mlangoni

Nyuma ya mlango wa chumba cha kaka yangu palikuwa na maneno tisa yaliyoandikwa kwa rangi ya mafuta. Juu kabisa yalikuwepo matatu: jumla, pamoja, zaidi, na mbele yake alama ya kujumlisha. Yakafuata baki, pungua na tofauti, na alama ya kutoa. Halafu kila na mara, alama ya kuzidisha. La mwisho lilikuwa peke yake, chini ya kitasa: gawana. Rangi ilikuwa ya bluu, iliyobaki kwenye kopo alipomaliza tangi la zahanati. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, kaka alichukua brashi nyembamba akayapitia upya herufi moja moja, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo.

Mgeni hakuyaona maneno hayo, kwa sababu mlango ukiwa wazi yalitazama ukuta. Ilibidi mlango ufungwe. Mimi nilifungiwa humo mara nyingi sana.

Nataka kuandika habari za kaka yangu na sioni pa kuanzia isipokuwa hapo. Kalamu si kazi yangu. Mimi ni seremala, natengeneza madawati ya shule na viti, na sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kuongea nako si kazi yangu. Mafundi wenzangu wananiita Bubu, na sijawahi kuwakatalia, maana hata kukataa ni kuongea.

Kaka alinizidi miaka minane. Baba yetu alipofariki, kaka alikuwa darasa la tano, wa pili katika darasa la watoto sitini. Jumatatu ambayo alitakiwa kurudi shuleni alikwenda kubeba mchanga kwa fundi mmoja wa matangi ya maji. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara moja, akasimama uani, akaona mama alivyokaa, akajua hakuna la kuomba. Akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika yale maneno tisa, akampa.

"Hesabu za maneno ndizo zinazowaangusha watoto," alimwambia. "Ukilitafuta neno, neno litakuambia ufanye nini. Huna haja ya kuhangaika na hadithi."

Kwa darasa la tano alilosoma kaka, ilikuwa kweli. Maswali yalikuwa mafupi, na neno likisema jumla, ukijumlisha unapata vema. Kaka aliikunja karatasi ile akaiweka kwenye mfuko wa shati, ikachakaa kwenye mikunjo hadi ikawa vipande vinne. Ndipo akayahamishia mlangoni. Baba hakutuachia kitu, kwa hiyo karatasi ile ndiyo iliyokuwa urithi wa nyumba yetu, na mrithi nikawa mimi.

Alifundishwa kazi ya matangi akaiweza kuliko aliyemfundisha. Watu wakaacha kumwita jina lake wakamwita Tangi. Alikuwa mfupi, mpana, mikono imepasuka kwa saruji, na alikuwa na mzaha wa kumtania mwenye nyumba hadi anacheka huku akilalamika. Mteja akimwambia, "Fundi, nataka tangi la kutosha familia yangu," yeye hakuuliza lita ngapi. Aliuliza mko wangapi, nani anafua, maji yanakatika siku ngapi. Halafu alimwaga mchanga mbichi chini, akausawazisha kwa kiganja, akachukua msumari akaanza kuchora. Duara, kimo, bomba hapa, maji yafike hapa. Akikosea alifuta kwa kiganja. Alipoinuka alikuwa anajua mifuko ya saruji na idadi ya tofali, na sijapata kuona amebakiza tofali hata kumi.

Siku moja ya likizo nilimpelekea chakula, nikamkuta amechuchumaa juu ya mchanga wake. Nikamuuliza, "Kaka, hapo umejumlisha au umezidisha?"

Akacheka. "Hii si hesabu, dogo. Hii ni kazi. Hesabu iko nyumbani, nyuma ya mlango."

Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nikamwamini. Ninayakumbuka maneno hayo kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Kila asubuhi kabla ya shule aliniita chumbani. "Funga mlango." Nilifunga. Yeye alikaa kitandani akifunga kamba za viatu vyake vya kazi, akinitungia maswali, nami nilitafuta neno. Nikilipata, alipiga paja. Nikilikosa, alinyamaza tu akisubiri, na kile kimya chake kiliniuma kuliko kofi. Alikuwa amepanga yote: nifaulu darasa la saba, niende sekondari, nivae shati jeupe, nikae ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. "Kitakachozunguka ni kiti," alimwambia mama. "Kichwa kitatulia."

Darasa la sita tulipata mwalimu mpya wa hesabu, mwanamke kijana mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Tulimbandika jina la Mwalimu Funga, kwa sababu tukishasoma swali mara mbili alipiga meza: "Funga daftari!" Kisha alimtaka mtu asimame asimulie kilichotokea kwenye swali, kama anamsimulia jirani, bila kutaja namba hata moja. Nani alikuwepo? Alikuwa na nini? Kikatokea nini? Sisi tunaulizwa nini? Baada ya hapo ndipo unachora, vijiti au visanduku, chochote. Na kabla hujakokotoa, unasema jibu litakuwa kubwa au dogo. Mwishoni unalichukua jibu lako unalirudisha ndani ya hadithi, uone kama linakaa.

Wiki ya kwanza tu alinisimamisha mimi. Swali lilikuwa la basi. Limeondoka na abiria wengi, kituo cha kwanza wakashuka kadhaa, wakapanda wengine.

"Simulia," alisema. "Namba usiziguse."

Nilikuwa naliona basi lote. Niliona hata mama mmoja akishuka na kuku. Mdomo ndio uliokataa. Nilisimama hadi kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, huyo ni bubu," darasa zima likaangua kicheko. Ndipo jina lilipozaliwa.

"Kaa," alisema mwalimu bila ukali. "Utasimulia kesho."

Kesho yake nilisema jino linauma.

Baada ya hapo nilijificha kwenye maneno tisa. Siwezi kumtupia kaka lawama zote. Mlango haukunitaka nisimame mbele za watu. Nilitafuta neno, nikafanya lilivyoniambia, nikapata vema au nikakosa, na hakuna aliyenicheka. Mwalimu Funga aliniandikia kwenye daftari kwa wino mwekundu, "Umesoma swali au umesoma neno?" Sikumwonyesha kaka ukurasa huo. Niliubana kwa gundi na ukurasa uliofuata.

Siku ya mtihani wa mwisho kaka hakwenda kazini. Alinisindikiza hadi getini akiwa amevaa shati lake la kwenda mazikoni, ndilo lililokuwa safi. Akaniambia, "Maneno yote unayo. Tulia tu."

Maswali mengi yalikwenda. Moja nalijua kwa moyo mpaka leo. Tangi la kwanza lina lita 640. Lina lita 160 zaidi ya tangi la pili. Je, matangi yote mawili yana lita ngapi kwa jumla?

Niliona zaidi. Niliona jumla. Maneno mawili, yote ya juu mlangoni, yote yanasema kitu kimoja. Nikajumlisha 640 na 160, nikapata 800, na 800 ilikuwepo kwenye majibu, imekaa kwenye herufi B kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nikaizungushia. Hayo mengine ya aina hiyo niliyafanya vilevile, na hayakuwa machache.

Nilitoka mapema. Njia ya kurudi nyumbani inapita nyuma ya zahanati, na nyuma ya zahanati yalikuwepo matangi mawili aliyojenga kaka, moja refu na moja limepungua kidogo. Nilikuwa nimeyapita mara mia. Siku hiyo nilisimama. Refu linalizidi fupi. Kama refu lina lita 640, na yote mawili yana 800, basi hili fupi lina 160 tu, na lingekuwa la kufika gotini. Hili lilifika kifuani. Nilisimama pale hadi jasho likanikauka. Sikuhitaji mtu anieleze. Nilijua nimekosa, nikajua na mengine niliyokosa, moja baada ya jingine, yakija kama watu wanaotoka kwenye chumba.

Kaka alikuwa amekaa kizingitini.

"Maneno yalikuja?"

"Yalikuja."

"Yote tisa?"

"Yote, kaka."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanitikisa kwa furaha.

Sikufaulu. Kaka hakukubali. Alisema karatasi zimechanganywa, mtoto wa mtu amepewa alama zangu. Alikwenda ofisi ya elimu akakaa kwenye benchi siku mbili mfululizo, siku ya tatu akamtukana mzee wa masjala mbele ya watu hadi askari wa getini akamtoa kwa kumshika mkono. Alirudi nyumbani macho mekundu. Nilimchemshia chai. Nilikuwa na la kumwambia, nikampa chai.

Nikapelekwa kwa seremala.

Miaka ikaenda. Kaka alioa mwanamke mtaratibu anayeshona sare za shule, wakakaa muda mrefu bila mtoto, halafu wakapata mmoja, msichana. Mama yetu akafariki. Mimi nilipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao, karakana yangu ikiwa mbele yake. Kaka aliendelea na matangi hadi vumbi la saruji lilipomshika kifua. Alianza kukohoa asubuhi, ikawa mchana, ikawa hawezi kupanda ngazi, mwisho hawezi kuvuka ua. Daktari aliisogeza picha kwenye mwanga akatuonyesha mapafu. Kaka akasema, "Hiyo plasta nimeipiga vizuri," na hakuna aliyecheka zaidi yake, na kile kicheko kilimkata pumzi.

Mwaka huo binti yake alikuwa darasa la saba.

Ndipo nilipoona vizuri kinachokuja. Kaka hakuwa na kazi tena, hakuwa na pumzi ya kusimama mlangoni. Kitu kimoja tu kilikuwa kimembakia cha kumfanya aamke, nacho kilikuwa nyuma ya mlango. Kila jioni binti akirudi shuleni alimwita, "Funga mlango, mama," naye binti akafunga. Nami nikawa nakaa kwenye kigoda pembeni nikisikiliza, misumari mfukoni, midomo imebanwa.

Binti huyo hakufanana nami hata chembe. Anaongea kama redio ambayo swichi yake imevunjika. Jioni moja baba yake alimsomea swali kutoka kwenye kitabu: "Darasa lina watoto arobaini na tano. Kila dawati linakaliwa na watoto watatu. Yanahitajika madawati mangapi?"

Binti akatupa jicho mlangoni. "Kila. Zidisha." Akaandika kiganjani kwa kidole. "Mia moja thelathini na tano!"

"Safi!" alisema kaka, akapiga paja, akakohoa hadi shemeji akaja na maji.

Darasa alilosoma binti yule nililitengenezea madawati mimi mwenyewe. Kumi na tano. Niliyabeba mawili mawili kwenye mkokoteni.

Nikawaza kumwambia hapohapo. Lakini ningesemaje? Ningesema maneno hayatoshi, naye angeuliza nimejuaje, na nikijibu hilo nitakuwa nimemwambia kwamba mkono ulioniangusha ni wa kwake. Alikuwa amelala pale amekonda, mbavu zinahesabika, akimtazama binti yake kwa raha. Nikisema, namnyang'anya hicho kidogo. Nisiposema, mtoto anakwenda kwenye mtihani na mlango mgongoni kama nilivyokwenda mimi. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nilifanya kama wanavyofanya watu waoga. Nilikwenda kwa pembeni. Kesho yake binti alipopita karakana, nikamwita.

"Mwanangu, nikikuletea yale madawati mia na thelathini na tano, utayaweka wapi?"

Akafikiri. "Darasani."

"Watoto arobaini na tano?"

Akaanza kucheka. "Baba mdogo! Kila mtoto madawati matatu! Moja la kukalia, moja la kulalia..."

"Na la tatu?"

"La mkwe wake!" Akacheka hadi akakalia maranda. Kisha kicheko kikakatika. "Sasa mbona neno lilisema zidisha?"

Nikamwambia afunge kitabu. Nikamfundisha alivyotaka kutufundisha Mwalimu Funga, mimi niliyekimbilia jino. Yeye hakuona haya. Alisimulia maswali kwa mikono yote miwili, akiwapa watu sura na tabia, na ilibidi nimkumbushe asiongeze mashangazi wasiokuwemo. Tulichora kwa penseli ya useremala kwenye vipande vya mbao. Darasani kwao walibanana watoto themanini na zaidi kwenye madawati yangu kumi na tano, mwalimu wao anaweka vema na mkasi bila kuinua kichwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Wiki ya tatu nilimwambia kwa woga, "Usimwambie baba yako kwanza."

Ungemwambia paka asinywe maziwa.

Ijumaa, saa tisa alasiri, shemeji alikuja karakana na uzi bado umening'inia shingoni. "Shemeji, kaka yako anakuita. Sijui umemfanya nini."

Alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Binti alikuwa uani, nilimsikia akifuta pua.

"Funga mlango," alisema kaka.

Nikaufunga. Maneno yakatokea.

"Binti yako anasema haya maneno yanadanganya. Anasema wewe ndiye umemwonyesha."

"Sikusema yanadanganya, kaka. Nilisema hayatoshi."

"Umejua lini?"

Nilitazama sakafu. Angeweza kunisaidia kwa kuuliza jingine, lakini alinyamaza, kimya kilekile cha asubuhi za zamani.

"Siku ile ya mtihani," nilisema. "Nilipotoka. Hata nyumbani sikuwa nimefika."

Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Ile siku nilikuuliza hapo kizingitini."

"Ndiyo."

"Ukaniambia yalikuja yote."

"Yalikuja, kaka. Ndiyo yaliyoniangusha."

"Miaka ishirini na saba," alisema. "Tangu siku ile mlango huu nimeupaka rangi mara ishirini na saba. Nimemtukana mzee wa watu kwa ajili yako, yule wa masjala, amekufa tukiwa hatusalimiani. Na wewe ukanichemshia chai."

Nje cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Swali lilikuwaje?"

"Lipi?"

"Usinifanye mtoto, dogo. Mtu hukumbuka lililomuua."

Nikamwambia. Tangi la kwanza lita mia sita na arobaini. Lina lita mia na sitini zaidi ya la pili. Alifumba macho. Kidole chake, kile chenye kovu la nondo, kikaanza kutembea juu ya blanketi. Kikachora tangi moja. Kikachora la pili pembeni, kikasimama chini kidogo ya la kwanza, kikarudi kupima nafasi iliyobaki juu.

"Hili la pili fupi," alisema. "Mia nne na themanini. Yote mawili elfu moja mia moja na ishirini."

Ilimchukua muda mfupi kuliko niliotumia kulieleza. Akafumbua macho akakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

"Hilo si swali," alisema. "Hilo ni tangi."

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuwa nakufukuza kwenye mchanga wangu. Nakuambia rudi nyumbani ukasome." Akafuta kwa kiganja pale alipochora. "Ningekuchukua tu kazini. Likizo moja. Moja tu, dogo."

Nilitaka kumshika mkono. Akauvuta chini ya blanketi.

"Ng'oa huo mlango," alisema. "Upige randa. Uupigie hapo uani, nisikie."

Nilileta bisibisi, nikafungua bawaba, nikaulaza mlango juu ya vigoda viwili. Rangi ya miaka yote hiyo haitoki kirahisi. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya mbao, na kila nilipodhani nimemaliza, neno lilibaki kama kivuli. Nilipiga randa hadi jioni, maranda ya bluu yakajaa miguuni, shemeji akapita katikati yake bila kusema kitu. Kupitia pale palipokuwa na mlango nilimwona kaka amelala ameelekea ukutani. Nilipopumzika tu, alisema, "Endelea."

Mlango ulipoisha kusafishwa ulikuwa mwembamba. Nilipourudisha haukubana tena kwenye fremu, pakabaki mwanya.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Siku hizo zote kaka alimfundisha binti yake mwenyewe. Alimwita kitandani, akamwambia, "Nisimulie," na binti akasimulia, na kaka akachora juu ya blanketi kwa kidole, akifuta kwa kiganja alipokosea. Wakati mwingine pumzi ilimwisha katikati ya swali, binti akamalizia. Nilikuwa nawasikia kutoka uani. Mimi hakuniita. Nikiingia alisema, "Lete maji," au, "Funga dirisha," kwa sauti ambayo mtu humsemesha mfanyakazi aliyekuja leo. Neno dogo hakulitamka tena.

Siku ya mtihani binti alirudi saa nane mchana, viatu vimejaa vumbi. Kaka alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa.

"Kulikuwa na nani humo?" alimuuliza.

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza. Alikuwemo mkulima na magunia yake. Alikuwemo fundi cherehani aliyekata kitambaa vibaya. Yalikuwemo mabasi mawili yaliyoondoka saa tofauti. Alisimulia wote bila kutaja namba hata moja, na kaka alisikiliza hadi usingizi ukamchukua.

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, shemeji akiwa amekwenda kupokea vitambaa. Mimi ndiye niliyekuwepo. Aliniomba maji, nikampa, yakamwagika kidevuni. Alinitazama kwa muda. Nilisubiri. Mimi, ambaye kwa mara ya kwanza nilikuwa na maneno tayari, nilimfuta kidevu badala ya kuyasema.

Matokeo yalitoka mwezi uliofuata. Binti hakuchaguliwa. Alikosa kwa alama chache, na zote zilikuwa za hesabu.

Nilimkuta karakana, amekalia benchi la kazi, karatasi mapajani. Hakuwa analia tena.

"Baba mdogo, nilichora yote niliyofikia," alisema. "Ila kuchora kunataka muda. Kengele ilinikuta swali la thelathini na mbili. Nilibakiza manane."

"Hayo uliyofikia, uliyaelewa?"

"Niliyaelewa. Nilikuwa naona kila mtu anafanya nini."

Nikahesabu kimya kimya. Wiki tano kabla ya mtihani nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza mia na thelathini na tano. Na miezi kabla ya hapo nilikaa kwenye kigoda hichohicho. Siku kumi na moja alizopewa na baba yake ndizo zilizosalia baada ya zile nilizozila mimi kwa kunyamaza.

Mwalimu mkuu amekubali arudie darasa. Jioni anakuja karakana na kitabu, na sheria ameiweka yeye: hanionyeshi swali hadi mimi nilisimulie kwanza, kwa sauti, nimesimama, akishanisomea mara mbili na kufunga kitabu. Jana lilikuwa la matangi. Nilisimama katikati ya maranda, mafundi wawili wa jirani wakachungulia mlangoni waone Bubu anafanya nini.

"Simulia," alisema binti ya kaka yangu.

Nikaanza. "Palikuwa na matangi mawili..." Sauti ikakatika. Alisubiri, ameshika penseli, kimya kama baba yake.